AT2020 kwa galatoni: nimekaa nayo miezi minane geto, haya ndo niliyoyasikia

AT2020 ni maiki, na galatoni ni gitaa kavu, lile lisilo la umeme. Langu ni Yamaha F310, la nyuzi za chuma, ukinikuta sebuleni nalipiga sauti imeshiba kabisa, ila kila nikirekodi lilikuwa linatoka kama nagonga debe. Mwanzo nilikuwa nachomeka waya moja kwa moja kupitia pikapu ya piezo, kale kakinasa mtikisiko ambako fundi aliniwekea chini ya kale kamfupa kanakobeba nyuzi darajani, na hapo ndo nilikuwa napotea, maana piezo inasikia nyuzi zinavyokandamiza pale darajani basi, hewa inayotoka kwenye tundu haiisikii, ubao wa juu unavyotikisika haiupati vizuri, sasa ile sauti ya mbao utaitoa wapi. Nilishinda wiki nzima kwenye ikwalaiza. Haikuwepo toka mwanzo ndo maana haikurudi.

Basi nikajipiga nikanunua Audio-Technica AT2020, ile ya XLR (waya wa pini tatu) sio ya USB. Ni maiki ya kondensa, kiini chake mm 16, inasikia zaidi ya mbele kuliko ya nyuma, na inataka ule umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi, kale kaboksi kanakopeleka sauti kwenye kompyuta. Kwenye boksi kuna maiki, kishikio na kimfuko, waya hamna. Waya wangu wa kwanza nilichukua duka moja mjini ukawa unakwaruza, nikashawishika maiki ni mbovu, siku tatu nzima nimenuna, kubadilisha waya tu kelele kwisha. Jaribu waya mwingine kabla hujaamua chochote.

Siku ya kwanza niliielekeza kwenye tundu, nikijua sauti si inatokea pale. Ikawa ni buuum tu. Hewa iliyomo ndani ya boksi la gitaa kama hili ina mlio wake wenyewe maeneo ya Hz 100, na maiki ya aina hii ukiikaribisha sana inaongeza besi yenyewe, kwahiyo vinajazana viwili. Nikampa mdogo wangu hiyo maiki mkononi, mimi nimevaa hedifoni napiga kodi ya G mfululizo, yeye anaisogeza taratibu kutoka darajani kuja shingoni, na aisee ile safari ya nusu mita imenifundisha kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Darajani ni kavu inachoma, kwenye tundu inaunguruma, tukafika usawa wa freti ya 12, sentimita kama 25 kutoka kwenye nyuzi, kichwa cha maiki kimegeuzwa kidogo kuangalia pale shingo inapoungana na boksi... nikamwambia hapohapo usiondoke! Unasikia ubao, unasikia kidole, na besi imekaa pake.

Chumba nacho. Kuta zangu ni simenti na chini vigae, sauti inarudi kama bafuni. Watu wengi wanatundika blanketi nyuma ya maiki, lakini ukifikiria, maiki inakuangalia wewe, ukuta inaouona ni ule ulio mgongoni kwako, so blanketi zito nililitundika nyuma ya kiti changu, godoro nikalisimamisha pembeni, kabati la nguo likabaki wazi. Tofauti niliisikia siku hiyohiyo.

Sasa udhaifu wa maiki, na huu upo hadi kwenye karatasi yake: kelele yake yenyewe ni dB 20, na hapa namba ikiwa ndogo ndo vizuri. Maiki nyingine, Rode NT1, haifiki hata 5. Ukipiga kwa nguvu na piki hutaigundua kabisa, lakini ukidonoa polepole na nyama ya kidole ukalazimika kupandisha geini (nguvu ya sauti inayoingia), ule mchuchumo unausikia kwenye mapumziko ya wimbo. Kama unapiga gitaa la nyuzi za nailoni kimyakimya, jikusanye uchukue maiki iliyotulia zaidi. Pia haina swichi ya kukata besi, inabidi ukate kwenye programu, mimi naanzia chini ya Hz 80 kwa sababu E ya chini kabisa iko kama 82, hapo unatoa mtikisiko wa malori barabarani bila kugusa gitaa. Na feni unazima. Dar hii, ndio, unazima na friji pia, narekodi saa tisa usiku natoka jasho ila mvua ikianza tu kwenye bati nafunga kazi.

Geini naiacha kilele kiguse dB -12 hivi, narekodi kwa biti 24, haina haja ya kuisukuma sauti hadi juu kabisa. Nyuzi mpya nazipiga siku mbili tatu kwanza, zikiwa mpyampya zinalia chiri chiri na hii maiki ina mng'ao kidogo kule juu, vikikutana vinaumiza sikio.

Ninachokitafuta mimi ni ile sauti ya Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, kidole gumba na cha shahada tu, alivyorekodiwa na Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kule Jadotville (sasa Likasi), Katanga, mwaka 1952. Hakuna riverbu (mwangwi wa kuongezea), hakuna rekodi 40 za gitaa zimepangwa moja juu ya nyingine, ila unaisikia mbao kama mzee amekaa mbele yako. Nikisikiliza zile naona nilikuwa nahangaika na programu wakati kazi yote iko kabla ya kubonyeza kitufe chekundu.

Kwa gitaa la nyuzi za chuma na mtu anayeanza nyumbani naipa 8 kwa 10, mbili nimekata kwa ule mchuchumo. Sasa hivi sakafuni nimebandika plasta mbili, moja ya miguu ya stendi na nyingine ya kiti, nikikaa tu najua sauti itatoka ileile ya jana.