Ekstensheni ipi ununue Mwanza: kutoka ninayoiamini hadi ninayoikataa

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote nikiwa kazini ni hili: "Fundi, ninunue ekstensheni gani?" Huwa linakuja wakati nakusanya vifaa vyangu niondoke. Vyumba vingi vya kupanga huku Igogo na Mabatini vina soketi moja tu, na hiyo moja inangojewa na TV, sabufa, friji, pasi, birika la umeme na chaji za simu za watu wanne. Hapo ekstensheni ndiyo inayobeba umeme wa nyumba nzima. Lakini watu wengi wakifika dukani huhesabu matundu, wakaangalia kama taa nyekundu inawaka, wakalipa.

Mama mmoja wa Igogo aliniita kwa sababu pasi yake ilikuwa inawaka na kuzimika. Nikashika plagi ya ekstensheni, nikaiachia: ya moto, na ubavu wake umebadilika rangi ukawa kama chai ya rangi. Nikaifungua kwa bisibisi mbele yake. Kwa nje ilikuwa na pini tatu nene, za kupendeza. Ndani, waya ulioingia ulikuwa na nyaya mbili tu, kahawia na buluu. Ile pini ndefu ya ethi, ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, haikuwa imeungwa na kitu chochote. Nikakwangua uzi mmoja wa waya kwa kisu: wekundu ulitoka kama rangi ya kucha, chini yake pakawa peupe. "Mbona imeandikwa ampea 13?" akaniuliza. "Mayu, waliandika ganda," nikamwambia. "Waya hawakuuandika." Alikuwa na mjukuu wa miaka mitatu anayetambaa chini ya meza ileile. Tangu siku hiyo sijibu swali hili kwa haraka.

Kabla ya kupanga nafasi, fanya hesabu moja. Umeme wetu ni wa volti 230. Chukua wati za kifaa, gawanya kwa 230, unapata ampea. TV ya wati 80, friji ndogo ya wati 150 na chaji zote za simu kwa pamoja hazifiki ampea 2. Vinavyotesa waya ni vitu vya kupasha joto: birika la wati 2,000 peke yake linavuta karibu ampea 9, na ukiongeza pasi ya wati 1,200 umeshapita 13. Waya ukipitisha umeme mara mbili, joto lake halizidi mara mbili, linazidi mara nne. Ndiyo maana unene wa shaba iliyo ndani una maana kuliko idadi ya matundu. Chukua ekstensheni ya mita 20 yenye waya wa 0.75 (unene wa shaba kwa milimita za mraba), uchomeke lile birika: karibu wati 80 zinaishia kwenye waya wenyewe. Waya wa 1.5 unapunguza hasara hiyo hadi nusu. Sasa fikiria hizo wati 80 zikiwa zimefunikwa na zulia au godoro.

Ninayoipa nafasi ya kwanza haiuzwi ikiwa imekamilika. Unanunua vipande vitatu, fundi anaviunganisha. Waya laini wa kori tatu, yaani nyaya tatu ndani, wa 1.5, kwa urefu unaouhitaji tu. Soketi ya njia nne yenye vifuniko vya ndani. Plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13. Itakugharimu zaidi ya ile inayoning'inia mlangoni mwa duka, nami nakuomba usiumie kwa hilo, kwa sababu hapa tu ndipo unapoona kila kitu kabla hakijafunikwa. Mwambie muuzaji akukatie waya mbele yako, kisha utazame kichwa chake. Uwe na rangi tatu: kahawia ni laivu, unaoleta umeme, buluu ni nyutro, unaourudisha, kijani yenye mstari wa njano ni ethi. Kwangua uzi mmoja. Shaba ya kweli ni nyekundu hadi katikati. Ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na kwa unene uleule inapitisha umeme kwa shida zaidi, inachemka mapema, na ikikunjwakunjwa hukatika. Beba na sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu. Ikinasa kwenye nyuzi za waya au kwenye pini za plagi, ni chuma. Rudisha.

Plagi nayo ina alama zake. Pini mbili za chini, laivu na nyutro, huvishwa plastiki nusu ya kuelekea kwenye plagi, ili kidole cha mtoto kisiguse chuma chenye umeme plagi ikiwa imeingia nusu. Pini ya ethi haivishwi namna hiyo. Ukiikuta nayo imevishwa nusu, plagi hiyo ni ya bandia, kwa sababu ile plastiki inaweza kuizuia isigusane vizuri na bati la ndani ya soketi. Urefu wa pini ya ethi nao una kazi: ndiyo inayotangulia kuingia, na ndiyo inayosukuma vifuniko vya matundu mawili ya chini vifunguke. Kwa hiyo yule anayechokonoa tundu la juu kwa kalamu ili aingize chaji ya pini mbili anafungua mlango uliowekwa kwa ajili ya mtoto wake. Nunua adapta. Bei yake ni ndogo sana.

Nafasi ya pili ni ile iliyofungwa kiwandani, yenye alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na waya wenye maandishi ubavuni, 3 x 1.25 au 3 x 1.5. Kama hauna maandishi, au umeandikwa 0.75, ichukue kwa TV na chaji tu, usiichomeke birika hata siku moja. Inyanyue mkononi: shaba ina uzito. Vuta kifuniko cha fyuzi, hakikisha kuna fyuzi na si kipande cha bati. Na usidhani fyuzi ni mlinzi mkali. Ile ya 13 inaweza kustahimili ampea 20 kwa muda mrefu kabla haijakatika, maana imewekwa kuzuia waya usiwake moto. Wewe ukishika laivu, haina habari.

Hapo ndipo mji wetu unaponitia hofu. Mwanza ni mji wa mawe. Ethi ya nyumba ni fimbo inayopigwa ardhini ili umeme unaovuja upate pa kwenda. Nyumba zilizopanda vilima, fundi anapiga fimbo, nusu mita anagonga jabali, anaikata, anafunga waya wa kijani juu yake, anaondoka. Ukiangalia unaona ethi ipo. Tuseme hiyo ethi ina ukinzani wa omu 100, yaani inauzuia umeme kiasi hicho. Friji ikivuja umeme kwenye bodi, yaani ganda lake la chuma, unaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 100, ampea 2.3 tu. Fyuzi ya 13 haikatiki. Breka ya ampea 32 haishtuki. Friji inaendelea kugandisha maji huku bodi yake ina umeme, na mtu anatoka kuoga, miguu peku, sakafu imelowa, anashika mlango wake.

Kinachookoa hapo ni breka ya kuvuja umeme, ambayo mafundi na wenye maduka wanaiita RCCB. Inapima umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, yaani 0.03 ya ampea, inakata ndani ya 0.3 ya sekunde. Kwa ile ampea 2.3 inakata haraka zaidi, hata ethi ikiwa dhaifu namna ile. Ukishika laivu na nyutro kwa pamoja haitakusaidia, kwa sababu kwake hakuna kilichovuja. Lakini ajali za majumbani ninazoitiwa nyingi ni za kuvuja. Kama nyumba haina breka hii na pesa yako inatosha kitu kimoja mwezi huu, anza nayo, ekstensheni isubiri. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na wateja wangu huwaambia waibonyeze kitufe chake cha T kila mwezi. Isipokata, imekufa. Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa bodi ya umeme anaweza kutafuta plagi yenye breka hiyo ndani yake; si kila duka linayo, ila zipo.

Nafasi ya tatu ni ya rola, ile ya kuzungusha kama ngoma. Hii ni ya mafundi, wapiga muziki, na wanaopika nje kwenye shughuli. Ikunjue yote kabla ya kuchomeka kitu kizito. Waya uliobaki umejikunja unatunza joto lake, na ndiyo maana rola nzuri huandikwa uwezo wa aina mbili, mkubwa ikiwa imekunjuliwa na mdogo zaidi ikiwa imekunjwa. Kwa mwenye friza la samaki kule Mwaloni, ambako sakafu haikauki, rola bila breka ya kuvuja siishauri kabisa. Mota ya friza ikianza kuzunguka huvuta kwa sekunde chache mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Lijengee soketi yake ukutani.

Ya nne ni yenye kinga ya radi. Nimeiweka chini, si kwa kuwa ni mbaya, ila kwa sababu watu wanaitegemea kwa kazi isiyoiweza. Ziwa letu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, hasa usiku juu ya maji, na mkazi yeyote wa Kirumba anajua ngurumo za alfajiri. Kile kidude cha ndani kinameza ongezeko fupi la volti, na kila kinapomeza kinachakaa. Radi ikipiga nguzo ya karibu, hakiwezi. Umeme ukiwa mdogo, hakifanyi kitu. Mawingu yakijikusanya, chomoa plagi. Kwa friji tafuta kifaa kingine, kile kinachokata volti zikipanda au kushuka na kusubiri dakika chache umeme ukirudi, ili kompresa isiwashwe ghafla.

Ya tano ni zile za matundu ya kila aina, zinazopokea plagi ya nchi yoyote, na za USB. Tundu linalokubali kila pini halibani yoyote sawasawa. Plagi inalegea, cheche ndogo zinaruka, plastiki inaanza kunuka. Nyingi pia hazina vifuniko vya ndani. Chaji za simu, basi, na mezani, juu ya kimo cha mtoto.

Zile za waya mwembamba wa nyaya mbili zinazopangwa chini barabarani Makoroboi sizipi nafasi. Najua bei yake inavutia, na najua mwezi unavyokuwa ukifika tarehe 20. Hata hivyo usinunue. Waya wenye nyaya mbili hauna ethi, hata plagi yake iwe na pini ngapi.

Ukishapata mpya, chomeka birika lijae maji, lichemke, kisha shika plagi na waya. Uvuguvugu kidogo ni kawaida. Ikikuchoma ukaachia, irudishe siku hiyohiyo. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Na ile ya zamani usimpe jirani wala usiitupe nzima jalalani, maana ataiokota mtu na kuichomeka. Ichomoe ukutani kwanza, kata waya karibu na plagi kwa koleo, kata na upande wa soketi, ndipo uitupe.