Kinundu cha kidole gumba cha mguu: miezi minne na kitenganishi cha silikoni

Soksi zangu za mguu wa kulia zilikuwa zinatoboka mahali palepale, ubavuni, kwenye kiungo cha kidole gumba. Nilizilaumu soksi. Kisha ngozi ya hapo ikawa nyekundu na sugu, na jioni nikivua viatu panapwita mpaka nashindwa kupandisha ngazi vizuri.

Rafiki akaniambia hilo ni jongo, nikaacha nyama miezi miwili. Haikuwa jongo. Jongo hukuvamia ghafla, mara nyingi usiku, kiungo kinawaka moto hata shuka likikigusa ni mateso, halafu baada ya siku kadhaa au wiki mbili linatulia. Kinundu changu kilijengeka taratibu kwa miaka, na kiliuma hasa nikiwa ndani ya viatu. Daktari alinipiga picha ya eksirei akanionyesha: mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba umesogea mbali na vidole vingine, kidole chenyewe kimeegemea cha pili. Kile kinundu si nyama iliyoota, ni kichwa cha mfupa. Ndipo nilipoacha kununua dawa za kupaka za "kuyeyusha".

Nilinunua kitenganishi cha silikoni, kile kipande laini kinachokaa kati ya kidole gumba na cha pili. Wiki ya kwanza maumivu yalizidi, na kidole cha mwisho kikatoka lengelenge. Kosa lilikuwa langu: nilikivaa ndani ya viatu vilevile vya kazini vilivyochongoka mbele. Kiatu kilikuwa hakina nafasi ya vidole vitano, mimi nikaongeza na mpira!

Hapo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kutoa pesa yoyote. Nilisimama juu ya karatasi, nikauchora mguu kwa penseli, nikaweka kiatu juu ya mchoro. Vidole vilibaki nje ya kiatu pande zote mbili. Nikatafuta viatu vipana mbele, vya kisigino kifupi, na nikavijaribu jioni, wakati miguu imeshavimba kidogo. Ndani ya viatu hivyo kitenganishi kimefanya kazi. Vidole havisuguani, na siku za kusimama muda mrefu namaliza bila kuchechemea. Pakivimba, naweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika kumi na tano. Kitenganishi kinaoshwa kwa maji na sabuni. Mwezi wa nne huu kimeanza kulegea.

Nilijaribu pia kifaa cha kufunga usiku, kile kinachokivuta kidole gumba kikae kimenyooka ukiwa umelala; hicho sikipendekezi. Boksi liliandikwa kwamba hunyoosha mfupa ndani ya siku 30. Asubuhi kidole kilikuwa kimenyooka kweli, lakini nikishatembea kidogo kinarudi kilikokuwa, na kifaa kikibana sana nilikuwa naamka vidole vina ganzi. Vifaa hivi hupunguza maumivu tu, havirudishi mfupa wa mtu mzima mahali pake. Kuurudisha ni kazi ya upasuaji, na daktari wangu alisema huo ni wa mtu ambaye maumivu yanamzuia kuishi maisha yake licha ya kubadili viatu. Kwa sura ya mguu peke yake asingenipasua, maana kupona huchukua wiki nyingi na uvimbe huweza kukaa miezi.

Mwenye kisukari au ganzi miguuni tafadhali amwone daktari kwanza, kwa sababu silikoni inaweza kumchuna asisikie.

Kitenganishi nitanunua kingine hiki kikichakaa. Kile cha usiku kimerudi kwenye boksi lake.