Mtambo wa kugeuza kamera niliojenga kwa vitofali vya LEGO: uzoefu wangu

Kwa miezi kadhaa sasa ninatengeneza filamu fupi za vitofali pamoja na mpwa wangu. Tunapiga picha moja, tunasogeza kisanamu kidogo, tunapiga nyingine, picha 12 kwa kila sekunde. Tukio lililotutesa ni la abiria anayelikimbilia daladala. Nilitaka kamera imfuate taratibu kutoka kituoni hadi mlangoni. Tulipogeuza simu kwa mkono, picha zilirukaruka. Kishikio cha simu cha bei nafuu nilichonunua kililegea na kuinama chenyewe hata kabla sijamaliza kupanga tukio. Ndipo nikaamua kujenga mtambo kwa vitofali hivyohivyo.

Wa kwanza ulikuwa kigari cha magurudumu manne ya mpira. Siupendekezi. Mpira unabonyea, na kidole hakijui kusukuma kwa kipimo kilekile mara 60 mfululizo.

Kilichonikomboa ni kigia kimoja chenye umbo la skrubu, cha Technic, yaani vile vipande vya LEGO vya gia na ekseli. Ukikizungusha mzunguko mmoja, gia inayoshikana nacho inasogea jino moja tu. Tena gia hiyo haiwezi kukirudisha nyuma, kwa hiyo ukiachia mkono kamera inabaki palepale, hata ukienda kunywa chai. Kwa kazi yetu hii sijaona kipande kingine kinachokifikia.

Nilikiunganisha na ile sahani kubwa inayozungusha winchi, tuliyoipata kwenye fungu la midoli ya mitumba. Sahani ina meno 56 upande wa nje, hivyo mzunguko mmoja wa skrubu unageuza kamera kama digrii 6.4. Kwenye ekseli ya skrubu nikachomeka gia ya meno 16 iwe kinobu cha kuzungushia kwa vidole, nikalitia jino moja alama ya rangi ya kucha. Sasa jino moja la kinobu ni digrii 0.4. Tukienda meno mawili kwa kila picha, picha 60 zinatupa sekunde 5 na mgeuko wa karibu digrii 48, unaotosha kabisa kutoka kituoni hadi mlangoni. Mwanzoni tunaenda nusu jino, kisha moja, kisha moja na nusu, ndipo mawili. Mwishoni tunapunguza vivyo hivyo. Bila hivyo kamera inaonekana kama imesukumwa ghafla, halafu ikagonga ukuta.

Uzito wa simu ndio ulionila siku nyingi. Nilianza kwa kuiweka simu katikati ya sahani, na kisanamu kikawa kinahama dhidi ya mandhari ya nyuma kwa namna isiyopendeza. Sababu ni kwamba lenzi ya simu yangu iko pembeni, kwa hiyo simu ikigeuka, lenzi yenyewe inasafiri, na kisanamu kikiwa sentimita 20 tu kutoka kwenye lenzi, milimita chache zinaonekana wazi. Dawa ni kuiweka lenzi juu kabisa ya kitovu cha sahani. Ukifanya hivyo, simu karibu yote inaning'inia upande mmoja na sahani inalalia huko. Nilifunga betri mbili kubwa zilizokwisha upande wa pili, nikaongeza vitofali mpaka ikatulia. Siku hiyo nilifurahi mno!

Kasoro ipo. Gia za plastiki zina plei: ukibadili upande, kinobu kinazunguka kidogo kabla kamera haijaitika. Kwa hiyo geuza kwa upande mmoja tu tangu picha ya kwanza, na kabla ya kuanza zungusha kinobu mpaka uone sahani imeanza kusogea. Usiiguse simu kupiga picha; mimi natumia kitufe cha sauti cha waya wa spika za masikioni. Funga fokasi na mwangaza kwenye programu, na uteremshe pazia, maana wingu likipita tu picha zinapepesa.

Nimejenga pia wa kusogeza kamera pembeni: skrubu inaendesha gia ya meno 24, na kwenye ekseli ya gia hiyo kuna gia ndogo ya meno 8 inayotembea juu ya reli ya meno. Mzunguko mmoja ni karibu milimita 1. Ni mtamu kwa picha za karibu, ila reli ikiungwa vibaya kamera inaruka kidogo kwenye kila kiungo, kwa hiyo nimeigandisha juu ya ubao. Ukiwa na vipande vya mtambo mmoja tu, anza na ule wa sahani.

Tulipotazama tukio la daladala kwa mara ya kwanza, mpwa wangu alisogea hadi pua ikakaribia kioo. “Mjomba, rudisha tena!” Nikarudisha. Tuliliangalia zaidi ya mara kumi, zile sekunde 5.