TAHADHARI: Anayeuza "hija ya nchi nne" kwenye jumuiya za Moshi na Arusha

Ndugu zangu wa Moshi, Arusha na vitongoji vyake, kama kuna mtu amepita kwenye jumuiya, kwaya au kikoba chenu akiuza hija ya Vatican, Italia, Ufaransa na Ureno kwa milioni 7 na laki 9, siku 8, kila kitu ndani, msimpe hata shilingi. Na kama mmeshamkabidhi pasipoti, someni mpaka mwisho, kuna la kufanya leo hii.

Jina lake siliandiki. Suala liko polisi, halafu jina lenyewe analibadilisha: Moshi anajulikana kwa hili, Arusha kwa lile. Kisichobadilika ni karatasi ya ratiba anayogawa. Kurasa mbili za rangi, picha ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro juu, mhuri wa bluu chini. Nimeona ya akina mama wa Moshi, nikaona na ya watu wa Arusha, ni ile ile, imebadilishwa tarehe tu. Ratiba hiyo peke yake inatosha kumjua, kabla hata hujamuuliza leseni.

Mimi kazi yangu ni kukata tiketi, ndiyo maana mama mkubwa alikuja na bahasha yake akaniomba nimwangalizie "kama mambo yako sawa". Alikuwa ameshatoa kianzio cha milioni 1 na nusu, yeye na wenzake wa jumuiya. Nilipofika Siku ya 3 nikasimama. Imeandikwa: Ijumaa, kuonana na Baba Mtakatifu, ada dola 150 kwa kila hujaji.

Hakuna ada ya kumwona Baba Mtakatifu. Katekesi yake kwa kawaida ni Jumatano asubuhi, na tiketi zake ni za bure, zinaombwa mapema Vatican kwenyewe. Sala ya Malaika wa Bwana ya Jumapili saa 6 mchana haihitaji hata hiyo tiketi, unaingia uwanjani ukaguliwe, unasimama na watu. Kuingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro ni bure. Groto ya Lourdes ni bure. Patakatifu pa Fatima, kule Ureno, ni bure. Kinacholipiwa pale Vatican ni vitu kama makumbusho. Mtu anayemtoza mama mjane dola 150 kwa kitu ambacho Kanisa linakitoa bure, hilo peke yake lingenitosha.

Lakini endeleeni na Siku ya 5, maana hapa ndipo uongo ulipo wazi kabisa. Anasema mnakunywa chai Roma, mnapanda treni ya kasi, saa 7 mchana mko kwenye Misa Lourdes, jioni mnapanda basi, usiku mnalala Fatima. Kwa barabara, Roma hadi Lourdes ni zaidi ya kilomita 1,200. Hiyo ni Moshi kwenda Dar, kurudi Moshi, na bado hujafika. Treni ya moja kwa moja hakuna. Lourdes iko kusini magharibi mwa Ufaransa, chini ya milima ya Pyrenees, na ukienda kwa treni kutoka Roma utabadilisha njiani tena na tena na siku nzima itaisha. Kutoka Lourdes kwenda Fatima nako ni karibu kilomita 1,000, unaikatiza Hispania nzima. Hakuna basi la jioni linalofanya hivyo. Yaani aliyepanga ratiba hii hakuwahi kufungua ramani, kwa sababu hakuwa na nia ya kumpeleka mtu yeyote popote.

Safari ya kweli ya sehemu hizi inapangika, na niieleze kidogo ili mwenye nia asikate tamaa. Mnaingilia Roma na kutokea Lisbon, tiketi moja ya kwenda mji mmoja na kurudi kutoka mwingine. Kwa mfano kutoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kupitia Istanbul inawezekana, na haiwarudishi Roma bila sababu. Roma mnakaa siku kadhaa, Jumatano ikiwemo. Assisi mnakwenda kwa treni, saa mbili hivi na zaidi kidogo, ila kituo kiko bondeni, mjini juu mnapanda basi. Kutoka Roma mnaruka hadi Toulouse, kisha treni ya mwendo wa saa mbili hivi mpaka Lourdes. Lourdes mlale angalau usiku mbili, maana maandamano ya mishumaa ni ya usiku na wazee wanahitaji kupumzika. Mnarudi Toulouse, mnaruka hadi Lisbon, kisha basi la mwendo wa kama saa moja na nusu hadi Fatima. Msidanganywe na kituo cha treni chenye jina la Fatima, kiko kilomita kama 20 kutoka patakatifu. Safari ya namna hii kwa siku 8 ni kuwatesa wazee. Siku 12 ndiyo angalau.

Sasa viza. Huyu mtu anatoza viza nne: ya Italia, ya Ufaransa, ya Ureno na "ya Vatican". Vatican haina viza yake. Unatoka mtaa wa Roma unaingia kwa miguu. Italia, Ufaransa na Ureno zote ziko Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza moja inatosha nchi zote tatu, na inaombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, ambayo kwa safari hii ni Italia. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Yeye anachukua euro 360 kwa kila kichwa. Ada hiyo hairudishwi viza ikikataliwa, na hakuna wakala duniani anayeweza kukuhakikishia kwamba utapata. Yeye anahakikisha, tena kwa maandishi.

Vilevile anawaambia akina mama wasisumbuke kwenda Dar es Salaam, viza "zitaletwa" Moshi. Mwombaji wa Schengen anakwenda mwenyewe kutoa alama za vidole na kupigwa picha, isipokuwa kama alishatoa ndani ya miaka kama 5 iliyopita. Akina mama hawa wengi wao hawajawahi kutoka nje ya nchi. Mtu akileta karatasi iliyobandikwa kwenye pasipoti bila vidole vyako kuchukuliwa, hiyo ni ya kughushi, na atakayezuiliwa uwanja wa ndege ni wewe uliyeishika.

Kuna wachache aliowaongezea Yerusalemu katikati ya safari. Israeli haimo Schengen, inataka viza yake. Na ukitoka Schengen kwenda huko kisha urudi Ulaya, ile viza ya kuingia mara moja inakuwa imeshaisha kazi. Hakuwagusia hata kidogo.

Tiketi alizowatumia kwa WhatsApp nimezikagua. Zina ule msimbo wa herufi na tarakimu 6, na mwanzoni ukiuingiza na jina la ukoo kwenye tovuti ya shirika la ndege, safari inaonekana. Watu wakafurahi. Ile ni nafasi iliyoshikiliwa tu, haijalipiwa, na baada ya siku chache ilijifuta. Tiketi iliyokatwa kweli ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: Ethiopian ni 071, Turkish ni 235. Kama namba hiyo haipo kwenye karatasi yako, huna tiketi. Pigeni simu ofisi ya shirika lenyewe muwasomee namba.

Leseni ya TALA (ya wakala wa utalii) anayoonyesha ni nakala ya kampuni ya kupandisha wageni mlimani, jina jingine kabisa na analojitambulisha nalo. Malipo yanaingia kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, si lipa namba ya kampuni, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, hatoi. Anaandika kwenye kitabu cha risiti cha dukani.

Jambo linaloniumiza zaidi ni pasipoti. Alizikusanya zote "kwa ajili ya ubalozi", na sasa anayedai pesa yake anaambiwa alete laki 3 za "kufungua faili" ndipo arudishiwe. Msimlipe. Pasipoti ni mali ya Serikali, wakala hana haki ya kuishikilia kwa deni. Nendeni polisi mkafungue taarifa mkiwa pamoja, si mmoja mmoja, mkiwa na ujumbe wa malipo kwenye simu, ile ratiba na picha ya risiti zake. Msifute chochote kwenye WhatsApp hata kama mna hasira. Kisha mpeleke taarifa hiyo Uhamiaji, wajue pasipoti hizo ziko mikononi mwa nani. Namba anazotumia kudai pesa zitumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Wa Arusha ambao mlipewa tarehe ya "kikao cha mahujaji" mwisho wa mwezi huu, msiende na pesa wala na pasipoti. Ambaye ana karatasi yake aniandikie hapa chini, nitamwelekeza kwa wenzake waliokwisha fungua taarifa ili majina yaunganishwe kwenye jalada moja.