Maji ya jiji kwenye mtaa wetu wa trela, Texas: uzoefu wangu

Mwenye haraka nampa hukumu mapema. Maji yenyewe nayapa nyota tano, bili naipa tatu, na namna huduma ilivyounganishwa naipa mbili, tena kwa kujikaza. Nawaandikia ndugu walioko Texas au jimbo lolote la Marekani ambao wamenunua, au wanapiga hesabu za kununua, nyumba ya trela nje ya mpaka wa jiji. Kuna mambo dalali hatakwambia, na mengine hata yeye hayajui.

Kwa asiyeelewa mitaa hii ikoje: trela ni nyumba ya kiwandani inayokokotwa kwa lori hadi kiwanjani. Nyumba ni yako na hati unayo mkononi, lakini kiwanja ilichokaa ni cha mtu mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi. Watu hudhani mambo yakiharibika utaifunga kwenye lori uondoke. Thubutu! Kuihamisha ni maelfu ya dola, na ikishazeeka mitaa mingine haiipokei. Kwa hiyo mwenye mtaa akipandisha kodi, unalipa huku unasonya. Shika hilo, maana ndilo lililoamua nani hasa amelipia bomba la jiji.

Sisi tuko kando ya barabara kuu. Kituo cha mafuta cha ng'ambo kiko ndani ya jiji na kina maji ya jiji. Sisi wa upande huu tulikuwa tunakunywa kisima cha mwenye mtaa: kisima kirefu cha pampu, tanki la presha, na kibanda kidogo cha klorini ambacho mlango wake haukuwahi kufunga vizuri. Kwa sheria ya Marekani ya maji salama ya kunywa, ile ya 1974, ukiwa na maunganisho 15 au ukihudumia watu 25 kwa kawaida, unahesabiwa kuwa mtoaji wa maji kwa umma. Uwe na mtaalamu mwenye leseni, upeleke sampuli maabara, na kila mwaka uwape wateja ripoti ya maji yao. Mwisho ni tarehe 1 Julai. Mwenye mtaa wetu kazi yake ni kukodisha viwanja. Ripoti nilikuwa naiona ukutani ofisini, imebandikwa juu kuliko macho ya mtu.

Maji ya kisima kile yalinuka yai viza. Ya moto yalizidi, kwa sababu hita nyingi huku zina fimbo ya magnesi ndani ya kuzuia kutu, na hiyo fimbo ikikutana na salfa ya kisima harufu inapanda. Kanzu yangu ya Ijumaa iligeuka rangi ya chai ya maziwa. Birika likaota ukoko mweupe ambao hata siki iliuogopa. Nimekulia Mbagala, maji ya kisima yenye chumvi nayajua tangu utotoni, lakini sikutegemea nije Marekani nijikute nabeba madumu kwenda kujaza kwenye mashine ya maji nje ya duka. Ndivyo tulivyoishi. Ya kupikia na kunywa ya kununua, ya kisima ya kuogea na choo.

Kilichomsukuma mwenye mtaa kutafuta maji ya jiji ni barafu ya Februari 2021. Umeme ulikatika, pampu ikalala, mtaa mzima ukakauka. Nisiwe mwongo: wiki ile hata wenye maji ya majiji waliumia, watu zaidi ya milioni 14 Texas maji yao yalikatika au waliambiwa wachemshe. Tofauti ni kwamba wao maji yaliporudi yalirudi. Sisi mabomba ya kibandani yalikuwa yamepasuka na hakuna fundi anayepatikana. Baada ya hapo, kwa mwenye mtaa, hesabu ya kuendelea kuhudumia kisima ikawa mbaya kuliko hesabu ya kuunganishwa.

Usidhani jiji lilikuja mbio. Kwanza Texas imegawanywa kwa vyeti: kila eneo lenye cheti lina mtoaji wake wa maji, na jiji haliruki tu barabara likaingia kwenye eneo la mwingine. Hilo peke yake lilikula muda. Halafu jiji lilitaka mtaa ukubali kuingizwa ndani ya mpaka wake. Zamani majiji ya Texas yalikuwa na uwezo wa kuwameza majirani bila kuwauliza, ila sheria ya 2019 imelifunga jambo hilo karibu kabisa. Sasa lazima wahusika waridhie. Mwenye mtaa alikataa kwa sababu ya kodi ya ardhi ya jiji. Wakakubaliana tubaki nje, tupewe maji, kwa bei ya walio nje, ambayo kwa jiji letu ni mara moja na nusu ya bei ya walio ndani.

Nilihudhuria vikao vya baraza. Wanakupa dakika zako tatu kwenye kipaza sauti, wanakusikiliza kwa adabu, kisha wanapiga kura. Wewe humo huna kura, kwa sababu huishi jijini. Bei yako inapangwa na watu ambao huwezi kuwaondoa.

Kazi yenyewe, nikianza kwa kusifu, ilikuwa nzuri. Walitoboa chini ya barabara kuu bila kuifunga, wakaweka bomba la zimamoto langoni (hili peke yake lina thamani, trela ikishika moto haikupi muda), wakasukutua bomba jipya kwa klorini, wakapima bakteria kabla ya kutufungulia. Wazee wawili wa Kizungu walitaka kisima kibaki kwa bustani zao. Jiji likasema maji ya kisima yasikutane na ya kwao hata kwa bahati mbaya, na wakaweka vali ya kuzuia maji kurudi nyuma. Nakubaliana nao.

Siku ya kufunguliwa, jirani yangu, mama wa kutoka Kivu aliyepitia kambi ya Nyarugusu, alipaza sauti kutoka jikoni kwake: "Baba Salma, hii maji iko na nguvu sana!" Alikuwa anacheka. Kesho yake hakucheka tena.

Hapa ndipo pa kusoma taratibu. Presha ya jiji ilikuwa kubwa kuliko ya tanki letu, na trela nyingi za miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini zina mabomba ya plastiki ya kijivu yanayoitwa polibutilini, yaliyouzwa Marekani kuanzia 1978 hadi 1995 hivi. Klorini huyachosha taratibu, na viungio vyake ndivyo vinavyotangulia kuachia. Mabomba yanapita chini ya sakafu, na sakafu ni chipbodi. Chipbodi ikinywa maji inavimba kama mandazi, na hairudi. Kwa yule mama maji yalipita chini ya kabati la sinki usiku kucha. Jiji likasema jukumu lake linaishia kwenye mita ya langoni. Mwenye mtaa akasema lake linaishia pale nyumba inapoanza. Gharama ikabaki kwa mwenye sakafu.

Kwa hiyo kabla ya kuunganishwa, chungulia chini ya nyumba na tochi. Ukiona bomba la kijivu, mwite fundi alibadilishe kwa lile jekundu na la buluu linalotumika siku hizi. Lipa pia vali ya kupunguza presha. Mimi niliweka vali na sijavuja mpaka leo, ila bomba zangu tayari zilikuwa mpya, mmiliki wa kabla yangu Mungu ambariki.

Ubora wa maji sina malalamiko. Hayanuki, sabuni inatoa povu, chai ina ladha ya chai. Jiji letu linatumia kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, na mara moja kwa mwaka kwa wiki kadhaa linahamia klorini tupu ili kusafisha mabomba yake. Kipindi hicho bafu linanuka kama bwawa la kuogelea. Ni kawaida, usipige simu. Mwenye kufuga samaki ajue kwamba kloramini haiondoki kwa kuyaacha maji kwenye ndoo usiku kucha, nunua dawa yake. Na tangazo la kuchemsha maji likitoka, maelekezo ya Texas ni yachemke kwa nguvu dakika mbili.

Sasa bili. Mita ya jiji ni moja, kubwa, langoni. Mteja wa jiji ni mwenye mtaa. Niliwahi kupiga simu huduma kwa wateja kuuliza kwa nini maji yamekatwa mchana, dada akatafuta anuani yangu akaniambia kwa upole kwamba mimi si mteja wao. Mwanzoni bili kubwa iligawanywa kwa nyumba zote, hivyo mjane anayeishi peke yake akawa analipia mabomba yanayovuja ya wengine. Baadaye ziliwekwa mita ndogo kila nyumba na hali ikatulia. Kanuni za Texas haziruhusu mwenye mtaa aongeze juu ya matumizi yako ya mita ndogo zaidi ya asilimia 9 kama gharama ya huduma, na una haki ya kuona bili ya jiji yenyewe. Omba. Akigoma, malalamiko yanakwenda Tume ya Huduma za Umma ya Texas.

Kodi ya kiwanja ilipanda mwaka huohuo. Barua haikutaja bomba.

Na kuna jambo lililonikera kuliko yote. Wateja wa nje ya mpaka wanaweza kuipinga bei ya jiji mbele ya tume hiyo, wakipata sahihi za asilimia 10 ya walipaji walioguswa na bei, ndani ya siku 90. Sheria inamhesabu mlipaji kwa bili: anayepokea bili yake ndiye mlipaji. Mtaa wetu mzima, kwa mita moja ya langoni, ni mlipaji mmoja, na huyo mmoja gharama anatupasia sisi, kwa nini ahangaike kusaini?

Je, ningependekeza? Ndiyo, kwa yeyote anayekunywa kisima kama kile chetu. Lakini kabla mkataba haujasainiwa ulizeni kama jiji litaweka mita zake kila nyumba. Ni ghali zaidi mwanzoni, na mwenye mtaa ataguna. Sisi tulikuja kuuliza saruji imeshakauka. Majitaka yetu bado yanakwenda kwenye mashimo, na tayari kuna minong'ono kwamba jiji litaleta bomba lake. Orodha ya sahihi ikipita nitatia yangu, nikishajua bili itaandikwa jina la nani.