Uzoefu wangu: Word 2003 ya Kiingereza na LibreOffice kwa faili za Kijapani, Kichina na Kikorea

Kwa faili za .doc na za maandishi matupu, Word 2003 ya Kiingereza juu ya Windows XP bado inafaa kuliko wengi wanavyodhani, mradi uiandae kwanza. Kwa .hwp za Kikorea iweke kando, nenda moja kwa moja kwenye toleo la sasa la LibreOffice, programu ya bure ya ofisi. Kwa .jtd za Kijapani, zinazotoka programu ya kuandikia iitwayo Ichitaro, hakuna kati ya hizo mbili ya kuitegemea. Nazitumia kwa nyaraka zinazosubiri kutafsiriwa, na huo ndio msimamo wangu.

Kabla hujabadilisha mpangilio wowote, soma skrini inakuambia nini. Ukiona vijisanduku vitupu vimepangana, programu imezielewa herufi ila haina fonti ya kuzichora. Faili ni nzima na dawa ni fonti tu. Ukiona mchanganyiko wa alama na herufi za Ulaya zenye nukta na vikofia, programu inaisoma faili kwa jedwali la herufi (orodha inayosema namba ipi ni herufi ipi) lisilo lake. Hapo pia faili ni nzima. Ukiona alama za kuuliza tupu, ??????, mambo ni mengine. Mtu ameshaihifadhi faili hiyo kwenye programu isiyozijua herufi zile, na kila herufi imegeuzwa kuwa alama ya kuuliza yenyewe. Hakuna fonti wala mpangilio wa kuirudisha. Omba nakala nyingine kwa aliyekutumia. Ndiyo sababu nasisitiza: tengeneza nakala kwanza, ufanyie kazi nakala, na usibonyeze Save mpaka maandishi yasomeke.

Huo mchanganyiko wenyewe unakutajia lugha, na kujifunza kuusoma kunaokoa muda mwingi. Salamu ya Kijapani, こんにちは, ikisomwa kwa jedwali la Ulaya inatokea hivi: ‚±‚ñ‚É‚¿‚Í. Ile alama inayofanana na mkato inajirudia kila baada ya herufi moja kwa sababu hiragana, yaani herufi za silabi za Kijapani, karibu zote huanza na baiti 82 (namba za baiti hapa ni za heksadesimali). Katakana, seti ya pili ya silabi hizo, huanza na 83, nayo huonekana kama ƒ. Kwa hiyo ukurasa uliojaa ‚ na ƒ ni Kijapani, jedwali namba 932. Kichina cha bara, 你好, kinatoka ÄãºÃ. Hilo ni jedwali 936. Kichina cha jadi cha Taiwan na Hong Kong, jedwali 950, kinatoa §A¦n kwa maneno yaleyale: ona jinsi herufi za kawaida kama A na n zinavyojipenyeza katikati, pamoja na alama ¤ na ¦ kwa wingi. Kikorea, jedwali 949, salamu 안녕하세요 inakuwa ¾È³çÇÏ¼¼¿ä. Kikorea na Kichina cha bara huchanganya, kwa hiyo jaribu vyote viwili. Kwenye jedwali lisilo sahihi utapata herufi halisi lakini sentensi zisizo na maana, na msomaji wa lugha hiyo atakuambia mara moja.

Sasa maandalizi ya XP. Ingia Control Panel, kisha Regional and Language Options, kichupo cha Languages, weka tiki kwenye Install files for East Asian languages. Inahitaji MB 230 za diski na itakuomba CD ya Windows. Kama huna CD lakini folda ya i386, yenye faili za kusakinishia Windows, imo kwenye diski ya kompyuta, ielekeze huko. Hatua hiyo inakuletea fonti zote za msingi: MS Mincho na MS Gothic kwa Kijapani, SimSun kwa Kichina cha bara, MingLiU kwa Kichina cha jadi, Batang na Gulim kwa Kikorea. Ukimaliza, washa upya. Kisha kwenye menyu ya Start tafuta Microsoft Office Tools, fungua Language Settings, ongeza lugha unazohitaji kwenye orodha ya lugha zilizowezeshwa. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa maandishi yameshaonekana, halafu wanashangaa mbona Word haiwapi amri za maandishi ya wima wala furigana, yaani silabi ndogo zinazoonyesha matamshi.

Kwa maandishi matupu, .txt, nenda Tools, Options, kichupo cha General, weka tiki kwenye Confirm conversion at Open. Kuanzia hapo Word itakuuliza kila unapofungua faili. Chagua Encoded Text, halafu Other encoding, na utazame dirisha dogo la chini unapobadilisha majedwali. Kwangu mimi dirisha hilo ndilo jambo bora kabisa la Word 2003 kwenye kazi hii: unaona matokeo kabla ya kukubali.

Faili za .doc zinategemea umri. Word 97 ndiyo iliyoanza kuhifadhi kwa Unicode, jedwali moja la herufi za lugha zote, kwa hiyo .doc za kuanzia hapo zinahitaji fonti tu. Za Word 6 na Word 95 zilihifadhiwa kwa jedwali la nchi husika. Mara nyingi Word 2003 hulitambua yenyewe. Ikishindwa, rudi Regional and Language Options, kichupo cha Advanced, weka Japanese, Korean au Chinese kama lugha ya programu zisizotumia Unicode, washa upya, jaribu tena. Ukimaliza kazi rudisha ilivyokuwa, kwani mpangilio huo unagusa programu nyingine zote za zamani kwenye kompyuta.

Kuna mambo mawili ambayo mpangilio hauyatibu. La kwanza ni herufi za Kijapani ambazo baiti yake ya pili ni 5C, yaani mkwaju wa nyuma (\). 表 ni 95 5C, ソ ni 83 5C. Programu ya zamani ya Kiingereza inayouchukulia mkwaju huo kama mwanzo wa amri huila nusu ya herufi, na kilichobaki hadi mwisho wa mstari kinaweza kuhama. Faili za RTF (.rtf) ndizo zinazoumia zaidi, maana amri zake zote huanza na mkwaju. Kama herufi hizohizo ndizo zinazokosekana kila mahali, usihangaike na fonti, omba faili kwa muundo mwingine. La pili ni herufi za kujitengenezea, gaiji, ambazo Wajapani huzitumia hasa kwa majina ya watu yenye maandishi adimu. Umbo lake linakaa kwenye kompyuta ya mwandishi, halimo ndani ya waraka. Utaona pengo au nukta. Uliza jina linaandikwaje.

Na msitishwe na herufi inayosomeka ila umbo lake ni geni kidogo. Unicode inatumia nambari moja kwa 直 ya Kijapani na ya Kichina, na fonti ndiyo inayoamua umbo. Waraka wa Kijapani ukionyeshwa kwa SimSun, ubadilishie MS Mincho kabla ya kuchapisha. Atakayeupokea ataliona hilo hata kama wewe huoni.

Tukija kwenye .hwp, huu ni muundo wa faili wa kampuni ya Hancom ya Korea Kusini, na ofisi za serikali na vyuo vya kule wameutumia sana. Wanafunzi wetu wanaoomba nafasi za masomo Korea hukutana nao kwenye fomu. Kwanza tambua toleo. Fungua faili kwa kihariri cha maandishi matupu: ikianza na maneno HWP Document File V3.00, ni ya zamani, na LibreOffice inaifungua yenyewe bila nyongeza. Kama haianzi hivyo, basi karibu kila mara ni toleo la 5, na LibreOffice peke yake haitoshi. Weka Java, pakua kiendelezi kiitwacho H2Orestart chenye kiambishi .oxt, kifungue kupitia Tools, Extensions, kisha washa LibreOffice upya. Nimeridhika nacho: maandishi hutoka vizuri na majedwali mengi husimama sawasawa, ila fomu zenye visanduku vilivyobanana huteleza, hivyo linganisha kurasa kabla ya kujaza. Kwenye XP njia hii haipo, kwa kuwa LibreOffice ya mwisho kukubali XP ni 5.4.

Ukiwa kwenye kompyuta ya zamani na unataka kujua tu faili inahusu nini, ifungue hiyo .hwp ya toleo la 5 kwa 7-Zip, programu ya kufungulia faili za zip, kama unavyofungua folda. Ndani kuna kitu kinaitwa PrvText. Kitoe, kipe kiambishi .txt, kifungue kwa Word ukichagua Unicode. Utapata mwanzo wa waraka, bila mpangilio wa kurasa, na mara nyingi unatosha kuamua kama faili inastahili kuhangaikiwa. Nyaraka zilizofungwa kwa nenosiri, au zilizofungwa ili zisambazwe kwa kusomwa tu, hazikubali ujanja wa aina hii. Tumia kionyeshi cha bure cha Hancom.

Ichitaro ya kampuni ya JustSystems, ndiyo yenye .jtd, ina kionyeshi chake cha bure, menyu zake zikiwa za Kijapani. Kinakutosha kusoma na kuchapisha. Ukihitaji kuhariri, mwombe mwenye waraka auhifadhi kwa muundo wa Word, kwani Ichitaro inaweza kufanya hivyo. Mwambie pia aipe faili jina la herufi za kilatini, tanbihi.doc au lolote, kwa sababu jina la Kijapani likipitia zip ya zamani hufika limeharibika na wakati mwingine XP ya Kiingereza hukataa hata kulitoa.