TAHADHARI: Muuza saa za kitandani za intaneti, huyu ni mwizi

Jamani, nimekaa na jambo hili siku tisa bila kuliandika hapa, aibu imenijaa. Leo naliandika. Mnaotaka kucheka chekeni sasa mmalize, halafu msome.

Nilikuwa natafuta saa ya kuniamsha kwa sababu nilikuwa nachelewa kazini.  Nilitaka kitu cha kuniamsha ambacho si simu, maana mimi nikiishika simu saa tano usiku naiweka chini saa nane. Ni ile saa ndogo ya kukaa kando ya kitanda, ina skrini ya kugusa, inaingia waifai, inaonyesha hali ya hewa, inafungulia redio za intaneti, na asubuhi mwanga wake unapanda polepole kabla haijaita.

Nilipoandika kwenye tangazo lake, jamaa alijibu papo hapo, kwa adabu. Hakunihimiza hata kidogo. Hapo ndipo aliponimaliza. Tapeli ninayemjua mimi ana haraka, eti kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa mkononi. Huyu aliniambia, "Nenda kafikirie, hata wiki." Nikamwomba anionyeshe kama inafanya kazi, akapiga simu ya video. Naiona mpaka leo: saa iko juu ya kistuli, nyuma yake pazia lenye maua ya njano, anaichomeka kwenye umeme mbele ya macho yangu, skrini inawaka, kiduara kinazunguka, halafu saa inajirekebisha yenyewe kutoka mtandaoni. Nikatazama ya kwangu ukutani, dakika ileile. Akaniuliza niweke alamu ya lini. Nikamwambia dakika moja ijayo. Basi tukakaa watu wazima wawili, kimya, tunasubiri kisaa kilie. Kikalia. Nikacheka, naye akacheka. Wallahi nilimwona kama ndugu yangu.

Akaileta mwenyewe mpaka mlangoni. Nikamkaribisha ndani, nikampa maji ya kunywa. (Dada yangu hilo la maji hajanisamehe mpaka leo.) Akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akaniomba nenosiri la waifai, nikamtajia herufi moja moja huku yeye anabonyeza kwenye SIMU YAKE. Si yangu. Yake. Nimesimama pale namwangalia, na nilichokuwa nawaza ni kwamba huyu kijana ana huduma nzuri. Ruta yangu ilikuwa inamsumbua, akanieleza kwamba vifaa vingi vidogo kama hivi vinashika mawimbi ya waifai ya 2.4 GHz tu, yale ya 5 GHz haviyaoni, akaingia kwenye mipangilio, ikakubali. Na hilo ni kweli kabisa, nimekuja kulihakiki. Ndiyo maana nasema nisihukumiwe kama mjinga. Huyu mtu anaijua kazi yake. Alipomaliza akaniambia, "Kila kitu tayari, akaunti ipo ndani. Usiguse mipangilio usije ukaivuruga." Nikamlipa yote, taslimu. Hata risiti sikudai.

Wiki mbili za kwanza niliishi kama mfalme, sitasema uongo. Redio inazima yenyewe baada ya nusu saa, mimi nimeshalala. Umeme ukikatika na kurudi, inajitafutia saa yenyewe. Nilianza kuwahi kazini, bosi akawa ananitazama kama mgeni.

Kulikuwa na usiku mmoja redio ilipanda sauti yenyewe, ikashuka, ikapanda tena. Nikadhani nimeilalia. Nimeilalia vipi wakati iko mezani? Lakini usingizini mtu hukubali chochote.

Siku ya kumi na tano nikaamka saa mbili kasoro, jua limejaa chumbani. Saa haikuita. Skrini imeandika kwamba kifaa kimefungwa na mwenye akaunti. Nikampigia. Akapokea! Mpole vilevile. Akasema ni ada ya huduma ya mwaka, alisahau kunitajia, niitume tu aifungue. Nikabisha kidogo. Hapo akanitolea hadithi ya Chumby. Anayeikumbuka anakikumbuka kile kidude laini kama mto, kina skrini katikati, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 2008. Kampuni ilikufa mwaka 2012, na baadaye huduma ilipofufuliwa watu wakawa wanalipa kila mwezi ili vidude vyao viendelee kuonyesha mambo yake yote. Nikaenda kusoma. Ni kweli! Kila alichosema kuhusu Chumby ni kweli. Sasa mimi ningejuaje kwamba mtu anaweza kukupa ukweli mtupu wa kitu kingine ili akuibie kwa hiki?

Nikatuma. Saa ikafunguka baada ya dakika tano. Siku nne tu, ikafungwa tena. Safari hii ikawa eti ada ya kubadilisha jina la mmiliki. Nikatuma tena. Ndiyo, nilituma tena, mnisute. Haikufunguka, na namba yangu akaizuia.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, mtoto wa kidato cha pili. Aliishika dakika mbili akaniuliza, "Mjomba, hii imesajiliwa kwa nani?" Kumbe muda wote ilikuwa kwenye akaunti ya yule jamaa. Yeye akiwa popote na simu yake anaiona, anaifunga, anaifungua, anaongeza sauti ya redio usiku wa manane akijisikia. Tukajaribu kuirudisha kwenye hali ya kiwandani, tukabonyeza kile kitufe cha nyuma kwa sindano mpaka kidole kikauma. Ikawaka upya, ikaingia mtandaoni, ikaomba akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Usajili hauko ndani ya kile kisaa, uko kwenye seva za watengenezaji, na anayeweza kuutoa ni yeye kupitia programu yake.

Halafu mtoto akaniuliza swali la pili, kama nimeona kwamba ina maikrofoni. Sikumjibu. Ile saa ilikuwa sentimita arobaini kutoka kichwani mwangu, wiki mbili na zaidi. Niliyoyasema kwenye simu pale kitandani nayajua mimi na Mungu, na labda mtu wa tatu.

Huyu mtu akamatwe. Sisemi apigwe, ingawa shemeji yangu analo la kusema hapo. Akamatwe, arudishe pesa za kila mtu, anyang'anywe simu na alazwe mahali saa yake ikiwa ni filimbi ya askari. Polisi nimeshaandikisha, jumbe zote na rekodi za malipo nimewapa. Kama nawe amekufanyia hivi nenda ukaandikishe, tukiwa wengi hawatasema ni mteja mmoja aliyeshindwa kutumia kifaa.

Dalili za kumtambua tapeli wa aina hii: anaweka kifaa kwa simu yake badala ya yako. Anakwambia usiguse mipangilio. Hataki ufungue akaunti kwa jina lako akiwa bado yupo pale. Ukinunua kilichotumika, mwambie akitoe kwenye programu yake wewe ukiona, kisha kisajili upya kwa simu yako, ndipo ulipe. Na kama imeshakukuta, badilisha nenosiri la waifai leo, kwa sababu lile la zamani analo na limo ndani ya kile kifaa. Mengine nimesahau, kichwa bado kina hasira.

Jambo moja zaidi. Kabla hajanizuia alisema nimrudishie saa "aitengeneze". Sikumpa. Iko kwenye droo, nimeichomoa kwenye umeme na kuifunga kwenye soksi, mpwa wangu anacheka kwamba soksi haizuii kitu.

Jana usiku nimeliona tangazo tena. Jina jingine, namba nyingine, picha ya saa kama ileile, na nyuma yake pazia la maua ya njano. Nikaandika chini yake kwamba huyu ni tapeli. Baada ya dakika kumi maneno yangu yakawa yamefutwa, tangazo bado lipo.